Röntgen, Aliyeona Mifupa ya Walio Hai

Mwaka huu kalamu yangu imemwangukia Wilhelm Conrad Röntgen. Nimemchagua kwa sababu ya mbavu za amu yangu, na mtaona zinavyoingia.

Alizaliwa Lennep, Ujerumani, tarehe 27 Machi 1845, akalelewa Uholanzi. Shuleni huko Utrecht, mwanafunzi fulani alimchora mwalimu kikatuni. Röntgen alitakiwa amtaje mchoraji, akakataa katakata, basi akafukuzwa yeye. (Walimu mnisamehe, lakini jamaa huyu alinipendeza hapo hapo.) Bila cheti cha shule, alipokelewa Zurich, Uswisi, na mwaka 1869 akapata shahada ya udaktari.

Jioni ya 8 Novemba 1895, akiwa profesa huko Würzburg, alikuwa akipitisha umeme ndani ya chupa iliyoondolewa hewa. Alikuwa ameifunika gubigubi kwa karatasi ngumu nyeusi. Kumbe pembeni, gizani, kibao kilichopakwa kemikali kinang'aa! Kulikuwa na miale iliyopenya ile karatasi. Akazama maabarani majuma kadhaa, hata chakula akila humo humo. Tarehe 22 Desemba alimwita mkewe, Bertha, akapiga picha ya mkono wake: mifupa ya vidole ikatokea, na pete juu yake. Kwa vile hakuijua asili ya miale hiyo, aliiita X, kama tunavyofanya katika aljebra. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya kwanza ya fizikia, na pesa zake akakiachia chuo kikuu cha Würzburg. Hakimiliki ya uvumbuzi hakuitaka, ndiyo maana madaktari kote waliitumia miale bila kumlipa hata senti.

Sasa amu. Kwa miaka mingi mgongo ulikuwa ukimwamsha usiku, na akipiga chafya, kifua kinamchoma kama kisu. Alipopigwa eksirei, mifupa ilionekana mizima, basi nyumbani wakaanza kunong'ona ati anakwepa jembe. Lakini wapi! Miale ya Röntgen huonyesha vizuri mfupa ulioharibika. Viungo vinapoanza tu kufura, si rahisi iwaone. Baridi yabisi ya uti wa mgongo inaweza kujificha miaka kabla ya kuonekana kwenye eksirei, na ikiachwa, pingili huweza kushikana hadi mgongo ukafanana na mwanzi. Mbavu nazo hukakamaa, kifua kisipanuke vizuri mtu akivuta pumzi.

Mashine ya MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio. Palipofura pana maji kuliko kawaida, napo hung'aa pichani. Kwa amu paling'aa mahali mbavu zinapoungana na mgongo na mfupa wa kidari. Akaanzishiwa dawa na mazoezi ya pumzi, na minong'ono ikaisha siku hiyo hiyo.

Röntgen hakuiona mashine hiyo. Alifariki Munich tarehe 10 Februari 1923 kwa saratani ya utumbo, akiwa na miaka 77. Bertha alikuwa ametangulia mwaka 1919, na akiba ya mzee ilikuwa imemezwa na mfumuko wa bei uliofuata Vita Vikuu vya Kwanza.