Lumumba, muchaguliwa wa Kisangani

Patrice Lumumba alizaliwa Onalua mwaka wa 1925, lakini ni huku kwetu Kisangani, Stanleyville ya wakati ule, alifanya kazi ku posta na kupata watu wake. Mwezi wa kumi na mbili 1959, kwa uchaguzi wa komine, alikuwa gerezani. Hata vile, chama chake MNC kikashinda hapa. Mwezi uliofuata wakamupeleka gereza ya Jadotville, ndiyo Likasi, muji wa wachimba shaba, kisha wakamufungua aende mukutano wa Bruxelles. Mwezi wa tano 1960 chama kikapata viti 33 juu ya 137. Akakuwa waziri wa kwanza. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961 wakamuua kule Katanga. Kura za wazazi wetu hazikumaliza hata mwaka moja. Tusizisahau.