Rose Valland: Aliyeokoa hazina za sanaa kwa kuandika shehena

KATIKA biashara ya mpakani, mzigo ukipotea njiani swali la kwanza ni karatasi ziko wapi. Mwenye kuonyesha idadi ya magunia, namba ya gari, jina la mwenye mali na mahali mzigo ulikokuwa unapelekwa ana pa kuanzia. Asiye nazo hubaki na maneno matupu. Huko Ufaransa, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mwanamke mmoja alisaidia kurejesha maelfu ya kazi za sanaa kwa njia hiyo hiyo. Jina lake ni Rose Valland.

Alizaliwa Novemba 1, 1898 katika mji mdogo wa Saint-Étienne-de-Saint-Geoirs, kusini mashariki mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa mhunzi. Binti huyo alisomea ualimu, kisha sanaa huko Lyon na Paris. Mwaka 1932 alianza kazi katika makumbusho ya Jeu de Paume, Paris, kwa kujitolea, na alikaa miaka mingi kabla ya kupata mshahara.

Majeshi ya Ujerumani yaliingia Paris Juni 1940. Jacques Jaujard, aliyesimamia makumbusho ya taifa, alikuwa amekwisha hamishia hazina za Louvre kwenye makasri ya mashambani tangu mwaka 1939. Mali za watu binafsi hazikuwa na mlinzi. Wanazi waliingia katika nyumba na maduka ya Wayahudi, wakiwemo familia ya Rothschild na mfanyabiashara wa sanaa Paul Rosenberg, wakabeba picha, samani na vito. Mwishoni mwa 1940 waligeuza Jeu de Paume kuwa ghala lao. Zaidi ya vitu 20,000 viliorodheshwa na waporaji hao. Hermann Göring, mmoja wa vigogo wa Hitler, alifika hapo mara zipatazo 20 kujichagulia.

Jaujard alimtaka Valland abaki mle ndani na kufumbua macho. Wajerumani walimwona mtumishi mpole wa kusimamia jengo, wala hawakujua kwamba anaelewa Kijerumani. Alisikiliza mazungumzo yao, akaongea na madereva na walinzi, akaokota karatasi kwenye mapipa ya taka. Kwa miaka minne aliandika kwa siri kilichoingia, kilichotoka, kilikuwa cha nani, kiko ndani ya sanduku gani na kinapelekwa wapi. Alifukuzwa zaidi ya mara moja, akarudi. Mwaka 1944 ofisa mmoja alimfuma akisoma anuani za mizigo, akamwonya kwamba angeweza kupigwa risasi. Hakuacha.

Agosti 1944, majeshi yaliyopigana na Ujerumani yakiwa njiani kuelekea Paris, Wajerumani walipakia masanduku 148 ya sanaa kwenye treni. Valland alipata namba za mabehewa, akampa Jaujard, naye akazifikisha kwa wafanyakazi wa reli waliokuwa upande wa wapigania uhuru. Treni ikacheleweshwa kwa kisingizio hiki na kile, ikakwama nje kidogo ya Paris. Wanajeshi wa Ufaransa waliikamata Agosti 27. Ofisa aliyewaongoza alikuwa Alexandre, mtoto wa Paul Rosenberg, na ndani ya masanduku alikuta picha za baba yake.

Shehena nyingine zilikuwa zimekwisha fika Ujerumani. Valland hakuwa mwepesi wa kuamini watu. Ilipita miezi kadhaa kabla hajamkabidhi orodha zake James Rorimer, ofisa wa jeshi la Marekani aliyekuwa mtaalamu wa makumbusho. Orodha hizo zilimwelekeza kwenye kasri la Neuschwanstein, Bavaria. Mei 1945 Rorimer alikuta humo sanaa iliyoporwa, pamoja na majalada, kadi na picha ambazo waporaji wenyewe walizitunza. Alivifungia vyumba na kuweka walinzi, maana bila majalada yale isingejulikana kipi cha nani.

Valland naye aliingia jeshini akiwa na cheo cha kapteni, akaenda Ujerumani kutafuta na kutambua mali kwa miaka kadhaa. Kazi zipatazo 60,000 zilirudishwa Ufaransa, na kufikia 1950 zipatazo 45,000 zilikuwa zimekabidhiwa kwa wenyewe au warithi wao.

Ufaransa ilimtunuku nishani, na Marekani pia. Alifariki dunia Septemba 18, 1980, akazikwa katika mji aliozaliwa. Kazi zipatazo 2,000 zilizorudi kutoka Ujerumani bado zimo katika makumbusho ya Ufaransa, nyingi zikiwa hazijulikani wenyewe. Kila baada ya muda familia fulani hujitokeza na stakabadhi ya zamani, barua au picha ya sebule ya babu yao, na mchoro mmoja zaidi hushushwa ukutani kurudi kwa wenyewe.