Lord Delamere na Gharama ya Shamba Lake

Ukisafiri kwa barabara kutoka Nakuru kwenda Nairobi utaona magari mengi yakisimama karibu na Naivasha ili abiria wanunue maziwa lala. Mahali hapo panaitwa Delamere. Wengi wetu tulilijua jina hilo kwa tumbo kabla ya kulikuta katika kitabu cha historia. Basi nimeonelea niwaandikie wanachama wenzangu habari za mwenye jina, kwa sababu maisha yake ni kama somo zima la biashara: mtaji, mkopo, hasara, ushuru, soko la dunia, yote yamo.

Jina lake kamili lilikuwa Hugh Cholmondeley. Alizaliwa Uingereza tarehe 28 Aprili 1870, katika ukoo wa kitajiri wenye mashamba huko Cheshire. Babake alifariki mwaka wa 1887, na kijana huyu wa miaka kumi na saba tu akawa Lord Delamere wa tatu. Hebu fikiria, umri wa Kidato cha Tatu na tayari una mashamba na watumishi! Lakini masomo hayakumvutia sana. Alichopenda ni farasi na kuwinda. Kuanzia mwaka wa 1891 alikuwa akienda Somalia kuwinda simba, na mwaka wa 1894 simba naye akamwinda yeye. Alimrarua mguu vibaya. Msomali mmoja aliyekuwa akimbebea bunduki, Abdullah Ashur, alimrukia yule simba na kumwokoa. Delamere alichechemea mpaka mwisho wa maisha yake.

Mwaka wa 1896 alianza safari ndefu kutoka Somalia akiwa na ngamia wapatao 200, akavuka jangwa, na mwaka uliofuata akafika katika nyanda zetu za juu. Baada ya jangwa, macho yake yakaona nyasi, mito na baridi. Moyo wake ulibaki huku. Alirudi kwao, akamwoa Lady Florence Cole mwaka wa 1899, na mwaka wa 1903 wakaja kukaa.

Hapa lazima tusimame kidogo tuulize: kwa nini serikali ya Mwingereza ilikubali kumpa mtu mmoja ardhi kubwa hivyo? Jibu ni reli. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka wa 1901, na ilikuwa imegharimu zaidi ya pauni milioni tano, pesa za walipa kodi wa Uingereza. Sasa reli ikishajengwa itabeba nini? Gari la moshi likienda tupu na kurudi tupu ni hasara tupu. Kamishna Charles Eliot aliamua kwamba dawa ni kuleta wakulima wazungu walime vitu vya kuuza ng'ambo, ili reli ipate mizigo nayo ilipe gharama zake. Wenyeji walikuwa wakilima na kufuga tangu jadi, lakini hao hawakuhesabiwa katika hesabu hiyo.

Delamere aliomba ardhi Laikipia, akanyimwa. Akaomba karibu na Naivasha, akanyimwa tena kwa kuogopa ugomvi na Wamaasai. Mara ya tatu akapewa Njoro: ekari 100,000, kwa kodi ya pauni 200 kwa mwaka, kwa muda wa miaka 99, naye akaahidi kutumia pauni 5,000 katika miaka mitano ya kwanza. Nimepiga hesabu hii kwa kalamu. Pauni moja wakati huo ilikuwa peni 240, kwa hivyo ekari moja alilipia chini ya nusu peni kwa mwaka. Na tukigawa ekari hizo kwa ploti za hamsini kwa mia, zile watu wa mjini hupigania siku hizi, tunapata ploti kama 800,000.

Shamba akaliita Equator Ranch. Alianza na kondoo. Alileta kondoo wa merino kutoka New Zealand, wale wenye sufi nzuri, akawachanganya na kondoo wa Kimaasai. Hesabu yake haikuwa mbaya: sufi haiozi, ni nyepesi kuliko mahindi, na viwanda vya Uingereza viliihitaji. Bidhaa ya kwenda mbali ni lazima iwe hivyo, la sivyo nauli inameza faida. Lakini kondoo walikufa, wengi mno. Ng'ombe wa kizungu nao wakadhoofika na kufa kwa magonjwa. Kumbe udongo wa Njoro una upungufu wa madini ya kobalti, na mnyama akila nyasi zake siku zote hukonda hadi kufa. Wanasayansi walikuja kuuita ugonjwa huo kwa jina la Nakuru yetu. Wamaasai walikuwa wakijua tangu zamani kwamba uwanda ule hauna maziwa, ndiyo maana hawakukaa pale na mifugo yao. Pengine mzungu aliiona ardhi tupu akadhani ni bahati yake. Kuuliza mwenyeji ni bure, lakini kutouliza kulimla mtaji wote.

Akageukia ngano. Ngano ikaota vizuri, ikapendeza macho, kisha kutu ikaingia. Kutu ni ugonjwa wa ukungu mwekundu unaokula bua na majani, nayo masuke yakabaki makapi. Mtu mwingine angefunga virago. Hapa, mgala muue na haki yake mpe: Delamere hakuacha. Aliajiri mtaalamu, akafungua maabara shambani kwake, wakawa wanachanganya mbegu za nchi mbali mbali wakitafuta ile itakayoshinda kutu. Miaka ikapita na pesa ikaisha, lakini mbegu zikapatikana. Mwaka wa 1908 alianzisha kampuni ya kusaga ngano, Unga Limited, ambayo mpaka leo jina lake linaonekana kwenye pakiti za unga jikoni. Mwaka wa 1927 serikali ikaweka kituo cha utafiti wa mbegu pale pale Njoro. Kituo hicho kiko hadi sasa. Kutu mpya kali ilipogunduliwa Uganda katika miaka ya 1998 na 1999, nchi nyingi za dunia zilianza kutuma mbegu zao za ngano zije zijaribiwe Njoro, kwa sababu huku kutu haikosekani. Kwa hivyo mkate unaoliwa mbali kabisa na Kenya huenda mbegu yake ilipita kwa jirani zetu.

Alijaribu hata mbuni. Mwanzoni mwa karne ile wanawake wa Ulaya na Marekani walivaa kofia zenye manyoya ya mbuni, na manyoya yalikuwa ghali ajabu. Mara motokaa zikaingia, na nani atapanda gari la wazi na kofia kubwa yenye manyoya? Mtindo ukapita, bei ikaanguka, mbuni wakabaki. Mimi mfano huu naupenda kuliko ule wa chungwa na ndizi katika kitabu chetu, maana unaonyesha jinsi mahitaji ya mtu aliye London yanavyoweza kumfilisi mfugaji aliye Njoro ambaye hata hajamkosea.

Kilichomwokoa ni shamba la pili, Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita, alilolichukua mwaka wa 1906 hivi. Pale udongo ni mzuri, kondoo na ng'ombe wakanawiri. Lakini jina Soysambu ni la Kimaasai. Mwaka wa 1904 serikali ilifanya mkataba na viongozi wa Wamaasai, akiwemo Olonana, wakahamishwa kutoka bondeni, wengine kwenda Laikipia, wengine kusini. Waliahidiwa kwamba ardhi hiyo mpya itakuwa yao maadamu kabila lao lipo. Ahadi haikumaliza hata miaka kumi. Mwaka wa 1911 wale wa Laikipia wakaanza kuhamishwa tena ili wazungu wapate nafasi. Walikwenda kortini, na mwaka wa 1913 kesi ikatupwa kwa hoja kwamba mkataba ni jambo la mataifa mawili, mahakama haina uwezo nalo. Miaka mia moja baada ya mkataba, mwaka wa 2004, Wamaasai waliandamana kudai ardhi ya Laikipia.

Watu husema Delamere aliwapenda Wamaasai. Ni kweli aliwaajiri kuchunga mifugo, alijifunza lugha yao na alikaa nao usiku akizungumza. Sasa mimi nashindwa: unaweza kumpenda mtu na bado ukalisha ng'ombe wako pale alipofukuzwa? Inaonekana yeye aliweza.

Tumefundishwa kwamba uzalishaji mali unahitaji ardhi, leba, mtaji na mtu wa kuthubutu. Mtaji wa Delamere ulikuwa wa kweli. Aliweka rehani mashamba yake ya Uingereza ili kulipia majaribio yake hapa. Kuthubutu alithubutu. Ardhi tumeona ilivyopatikana. Leba je? Watu walikuwa na mashamba yao na hawakuwa na haja ya kumlimia mzungu kwa mshahara mdogo. Basi ikaletwa kodi ya nyumba, ya kulipwa kwa pesa taslimu, na pesa taslimu ilipatikana kwa kuajiriwa. Delamere na wenzake katika Baraza la Kutunga Sheria hawakupendezwa na Mwafrika kuwa na ardhi ya kumtosha, maana mwenye kujitosheleza hatoki kutafuta kazi. Mwaka wa 1918 ikapitishwa sheria ya maskwota: familia ikikaa kwenye shamba la mzungu, ni lazima imfanyie kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Baadaye kidogo kipande kikaanza kuning'inia shingoni. Katika Bonde la Ufa wazee wengi wa Kikuyu na Kipsigis walipitia maisha hayo. Katika vitabu vya biashara bei ya leba hupangwa na mahitaji na ugavi. Bondeni, ugavi wenyewe ulipangwa na askari.

Nataka nieleze jambo moja la pesa ambalo wengi huruka. Hadi mwaka wa 1920 pesa ya hapa ilikuwa rupia, na rupia kumi na tano zilikuwa pauni moja. Mwaka huo serikali ikaamua kwamba rupia kumi ndizo pauni moja. Utasema, si vizuri, rupia imepata nguvu? Chukua mkulima aliyeuza sufi London kwa pauni 100. Zamani angepata rupia 1,500, sasa anapata 1,000. Na deni lake la rupia 1,500 ambalo lilikuwa sawa na pauni 100 limekuwa pauni 150 bila yeye kukopa hata senti. Ndivyo wakulima wazungu walivyojikuta taabani. Walifanyaje? Mwaka wa 1921 walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Mzigo ulitoka London ukashuka daraja kwa daraja mpaka ukatua kwa kibarua. Ni hasira za kupunguziwa mshahara huo zilizompa Harry Thuku wafuasi wengi, mpaka akakamatwa mwezi wa Machi 1922 na watu wakapigwa risasi Nairobi.

Baada ya hapo wakulima walijifunza kwamba mmoja mmoja hawana nguvu mbele ya soko. Wakaungana. Chama chao cha KFA kilikuwa na makao hapa Nakuru, na jina hilo bado liko midomoni mwa watu wa mji huu. Mwaka wa 1925 ukaanzishwa ushirika wa maziwa wa KCC huko Naivasha, Delamere akiwa miongoni mwa waliousukuma. Ngano na unga wa kutoka nje ukatozwa ushuru ili wa hapa uuzike, na reli ikasafirisha mahindi ya kwenda ng'ambo kwa nauli ya chini. Kinga hiyo ililipiwa na yule anayenunua unga na nguo dukani. Mbinu za ushirika zilikuwa nzuri, na baada ya uhuru wakulima wetu wadogo nao walizitumia. Ila wakati ule mlango ulikuwa wa rangi moja tu.

Mke wake Florence alikuwa amefariki mwaka wa 1914. Mwaka wa 1928 alimwoa Gwladys Markham, aliyekuja kuwa meya wa Nairobi. Lakini mambo yalikuwa yameanza kwenda mrama. Nzige waliingia nchini mwaka huo, na mwezi wa Oktoba 1929 soko la hisa la New York likaporomoka. Viwanda vikafungwa, watu wa Ulaya wakakosa pesa, bei ya mahindi, ngano na sufi ikaanguka kote duniani. Mkulima wa Njoro hakuwa amefanya kosa lolote, mvua ilinyesha au haikunyesha, bei ilikuwa ile ile ya kulia.

Delamere alifariki tarehe 13 Novemba 1931 akiwa na umri wa miaka 61, akazikwa Soysambu. Aliacha mikopo ya benki iliyofika yapata pauni 500,000. Barabara kubwa ya Nairobi iliitwa kwa jina lake, na sanamu yake ikasimamishwa pale. Baada ya uhuru barabara ikaitwa Kenyatta Avenue. Sanamu iling'olewa ikaletwa Soysambu, na iko huko hadi leo, kwenye ardhi ambayo bado inashikwa na ukoo wake.