Maisha ya Swynnerton: Funzo kwa Mwalimu wa Sayansi

Charles Francis Massy Swynnerton alizaliwa Uingereza mwaka 1877. Alipokuwa kijana alihamia Rhodesia ya Kusini, yaani Zimbabwe ya leo, akawa mkulima karibu na msitu wa Chirinda. Huko alijielimisha kwa kuchunguza ndege, vipepeo na mimea iliyomzunguka. Mwaka 1919 alifanywa Bwana Nyama Mkuu wa kwanza wa Tanganyika.

Wakati huo mbung'o walienea sehemu kubwa ya nchi, wakiambukiza watu malale na ng'ombe nagana. Malale yalipozuka karibu na Mwanza mwaka 1922, Swynnerton alikwenda kuyachunguza. Alitaka kujua mbung'o anaishi wapi, na kwa nini hapo. Mbung'o jike hatagi mayai. Hulea buu moja tumboni, akalizaa penye kivuli, nalo hujichimbia udongoni na kuwa bundo. Kivuli kikiondoka, uzazi wake hudhoofika.

Kwa msingi huo, machifu na wananchi wa Shinyanga walifyeka vichaka, na nyasi zikachomwa mwishoni mwa kiangazi ili moto uwe mkali. Mwaka 1929 Swynnerton akawa mkurugenzi wa utafiti wa mbung'o, makao yake yakiwa Shinyanga. Tarehe 8 Juni 1938 alifariki katika ajali ya ndege, pamoja na B. D. Burtt, mtaalamu wa mimea aliyechunguza vichaka vya Itigi.

Mbung'o walirudi nyuma, na ng'ombe wakapata malisho. Lakini ardhi iliyopoteza miti, kisha ikaongezewa mifugo na mashamba ya pamba, ilichakaa. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa HASHI ili kurudisha miti Shinyanga, hasa kwa kufufua ngitili, malisho yanayotengwa kwa ajili ya kiangazi. Hapa kwetu mradi wa HADO ulikuwa umeanza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika milima ya Kondoa iliyoliwa na mmomonyoko.

Mwalimu mwanafunzi, usifundishe mdudu, mti na udongo kana kwamba havijuani. Wapeleke watoto kwenye kichaka kilicho karibu na shule. Waorodheshe viumbe wanaowaona, kisha kwa kila kimoja waulizwe: kikiondolewa hiki, nini kitafuata? Swynnerton aliuliza swali hilo juu ya mbung'o. Juu ya udongo, jibu lilichelewa kwa miaka mingi.