Spicer-Simson, mtu aliyepitisha mashua juu ya milima ya Mitumba

Ukiuliza madereva wa Uvira ni njia gani ngumu kuliko zote, kila mmoja ana jibu lake. Mwenye kupandisha mizigo Bukavu atataja Ngomo, pale barabara inapojikunja kwenye ukingo wa mlima na bonde la Ruzizi linaonekana chini kabisa. Mwenye kushuka Baraka, Fizi na Lulimba atataja potopoto ya masika kwenye barabara ya taifa nambari 5, ambako Fuso moja ikinasa, zingine zinapanga mstari nyuma yake. Na mwenye Land Cruiser ya kupanda Minembwe atawacheka wote wawili.

Lakini kuna safari moja katika safu hii ya milima ya Mitumba ambayo hakuna dereva wa leo angekubali kuifanya. Ilifanyika mwaka 1915, wakati jeep ya kwanza ilikuwa bado kutengenezwa. Mashua mbili za vita zilivutwa juu ya nchi kavu, zikapandishwa milima na kuteremshwa, ili zifike ziwa Tanganyika. Jina lililobaki kwenye vitabu ni la mwanamaji Mwingereza, Geoffrey Basil Spicer-Simson. Ukifuata maisha yake unaona namna milima inavyoshindwa, na ni nani hasa wanaoishinda.

Mwanamaji asiye na bahati

Spicer-Simson alizaliwa tarehe 15 mwezi wa 1 mwaka 1876 huko Hobart, katika kisiwa cha Tasmania, Australia. Akiwa na miaka 14 tu aliingia jeshi la maji la Uingereza. Alifanya kazi ya kupima maji na kuchora ramani huko Borneo, kwenye mto Yangtze nchini China, na kwenye mto Gambia, Afrika ya magharibi. Alijua Kifaransa. Alipenda pia kujisifu kupita kiasi, na wenzake walichoka na hadithi zake.

Cheo chake hakikupanda haraka. Aliwahi kuongoza meli iliyogonga mashua ndogo na kusababisha kifo. Vita Kuu ya kwanza ilipoanza mwaka 1914, alipewa meli ndogo za kulinda pwani ya Uingereza. Tarehe 11 mwezi wa 11 mwaka huo, mojawapo ya meli zake, Niger, ilipigwa na Wajerumani na kuzama mchana kweupe. Yeye hakuwa ndani. Alikuwa nchi kavu, hotelini, pamoja na mke wake. Baada ya hapo alipewa meza na karatasi katika ofisi ya London, na wengi waliona kwamba amekwisha.

Ziwa mikononi mwa Wajerumani

Wakati huo watu wa pande za Uvira walikuwa kwenye mstari wa vita. Ng'ambo ya Ruzizi, Usumbura (leo Bujumbura) ilikuwa ya Wajerumani. Huku ilikuwa Congo ya Wabeleji, na askari wao walipangwa kufuata mto kutoka Uvira mpaka Kivu. Tarehe 22 mwezi wa 8 mwaka 1914, meli ya Wajerumani Hedwig von Wissmann ilishambulia Lukuga, mahali panapoitwa leo Kalemie, na kuharibu meli ya Wabeleji Alexandre Delcommune. Tangu siku hiyo ziwa likawa la Wajerumani. Waliweza kupeleka askari popote kwenye pwani wanapotaka, na Wabeleji hawakuweza kuvuka.

Kisha Wajerumani wakaongeza jitu lingine. Meli Graf von Götzen, yenye urefu wa karibu mita 70, ilitengenezwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo ikapelekwa Kigoma. Iliingia majini mwezi wa 2 mwaka 1915.

Habari ya meli hiyo ililetwa London na mwindaji wa tembo aitwaye John Lee, mtu aliyejua pori la Afrika. Mwezi wa 4 mwaka 1915 alieleza wakubwa wa jeshi la maji mpango wake: kuchukua mashua ndogo zenye mbio, kuzipeleka kwa meli mpaka Cape Town, kwa treni mpaka Katanga, halafu kuzivuta porini mpaka zipate njia ya kufika ziwani. Mpango ulikubaliwa. Lakini uongozi haukupewa Lee, maana hakuwa mwanamaji. Maofisa wengine walihitajiwa kwenye bahari. Aliyekuwa pale, mwenye Kifaransa na bila kazi ya maana, ni Spicer-Simson.

Mashua zilikuwa na urefu wa mita 12, za mbao, kila moja na mzinga mdogo mbele. Kwanza alitaka kuziita Paka na Mbwa, wakubwa wakakataa. Akaziita Mimi na Toutou, namna watoto wa Ufaransa wanavyoita paka na mbwa, na wakubwa hawakushtuka.

Kutoka Fungurume kwenda Sankisia

Kikundi cha watu wasiofika 30 kiliondoka Uingereza mwezi wa 6 na kufika Cape Town mwanzoni mwa mwezi wa 7. Treni iliwabeba zaidi ya kilomita 3,500 mpaka Elisabethville, leo Lubumbashi, halafu Fungurume. Pale reli ikakatika. Mbele yao kulikuwa na pori, mabonde makavu na milima ambayo njia ilipaswa kuipanda mpaka karibu mita 1,950 juu ya bahari. Ng'ambo yake ndipo palikuwa Sankisia, ambako reli nyingine fupi ilikwenda mpaka mto Lualaba.

Kwa mtu anayetembea na mzigo kichwani, njia zilikuwepo. Kwa mashua ya tani kadhaa juu ya magurudumu, hapakuwa na njia. Sherti itengenezwe. John Lee ndiye aliyetangulia kuipima na kuanza kuikata. Mamia ya wanaume wa vijiji vya Katanga walikusanywa kukata miti, kung'oa visiki, kuvunja mawe na kujaza mashimo. Ombi la kutoa watu lilikuja kwa wakuu wa vijiji kutoka kwa serkali ya kikoloni, na zamani zile ombi kama hilo halikuwa jambo la kukataa. Kwa sababu ya mabonde, walijenga madaraja zaidi ya 100 kwa magogo, bila msumeno wa mashini.

Lee mwenyewe hakuona mwisho wa kazi yake. Alishtakiwa kwa ulevi na kwa kuwasema vibaya Wabeleji, na Spicer-Simson akamrudisha. Mtu aliyeleta wazo zima alitoka porini kabla ya mashua kuanza kutembea.

Tarehe 18 mwezi wa 8 msafara ukaanza. Mbele kulikuwa na trekta mbili za mvuke zilizotakiwa kuvuta mashua. Dereva yeyote wa leo angejua matata yake mara moja. Trekta zilikuwa nzito mno kwa ardhi ile. Madaraja mengine yalikunjika chini yake. Kwenye udongo laini magurudumu yalizama, kwenye miteremko yaliteleza. Vigari vilivyobeba mashua navyo vilivunjika, ikabidi vitengenezwe vingine hapohapo.

Na trekta ya mvuke inakunywa maji. Huu ulikuwa mwisho wa kiangazi, vijito vimekauka. Mahali pamoja maji yalikwisha kabisa, zikasimama. Wamama zaidi ya mia moja kutoka vijijini waliitwa, wakabeba maji kwa mitungi vichwani kutoka mbali, wakajaza matumbo ya mashini za wazungu. Ndipo safari ikaendelea.

Kwenye mpando mkali zaidi, nguvu ya trekta haikutosha, na ng'ombe wa kuvuta nao hawakuweza kupanda na mzigo ule. Aliyepata ufumbuzi ni luteni Arthur Wainwright, mtu aliyekuwa ameishi Rhodesia na kujua ng'ombe. Alifunga kamba nene kwenye mti mkubwa huko juu, akaipitisha kwenye kapi, upande mmoja mashua, upande mwingine ng'ombe. Ng'ombe wakaongozwa kushuka mlima, na wakati wanashuka, mashua ikapanda. Ndiyo kanuni ileile ya dereva anayefunga waya ya gari yake kwenye mti ili ajitoe matopeni.

Walikuwa wanakimbizana na mvua. Kama masika yangewakuta mlimani, udongo ungegeuka potopoto na mashua zingebaki huko. Tarehe 28 mwezi wa 9 wakafika Sankisia.

Mto nao haukuwa na huruma. Lualaba ulikuwa na maji kidogo baada ya kiangazi, na mashua zilikwama kwenye mchanga mara nyingi. Walizifunga mapipa matupu ili zielee zaidi, wapiga kasia wenyeji wakazipitisha. Kutoka Kabalo treni ikawafikisha Lukuga mwishoni mwa mwezi wa 10. Tangu Uingereza, walikuwa wamesafiri karibu kilomita 16,000.

Shujaa wa siku mbili

Huko Lukuga, wenyeji Waholoholo walimwona mtu wa ajabu. Alijaa michoro ya chale mwilini, na alivaa sketi badala ya suruali. Walimpa jina lililotaja ile nguo aliyofunga tumboni. Na Wabeleji hakupatana nao.

Lakini mpango ukafaulu. Tarehe 26 mwezi wa 12 mwaka 1915, siku ya Mungu, meli ndogo ya Wajerumani Kingani ilionekana wakati wa sala ya asubuhi. Sala ikamalizika, mashua zikatoka, na kwa dakika chache Kingani ikatekwa. Ikatengenezwa na kuitwa Fifi. Tarehe 9 mwezi wa 2 mwaka 1916, Hedwig von Wissmann nayo ikazamishwa. Wainwright, yule wa kamba na ng'ombe, ndiye aliyekuwa ndani ya Mimi akiikimbiza Hedwig na kuichelewesha mpaka Fifi ikafika.

Kesho yake Graf von Götzen yenyewe ikapita, ikitafuta wenzake. Watu wa Spicer-Simson walikuwa tayari kutoka. Yeye akakataza. Labda alikuwa na haki, maana mzinga mmoja wa jitu lile ungetosha kuzipasua mashua za mbao. Lakini hakutaka tena kupigana nalo, hata baadaye. Mwezi wa 6, huko kusini mwa ziwa, Wajerumani wa Bismarckburg, leo Kasanga, walimponyoka kupitia ziwani bila yeye kuwazuia.

Mwisho wa Götzen haukutoka kwake. Mwezi huohuo, askari wa Force Publique wa brigedi ya Olsen walikuwa wamevuka Ruzizi na kuchukua Usumbura, kisha wakashuka kuelekea Kigoma. Wajerumani wakaizamisha meli yao wenyewe tarehe 26 mwezi wa 7 mwaka 1916. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na tangu 1927 watu wa ziwa wanaijua kwa jina la Liemba.

Kilichobaki

Spicer-Simson alirudi Uingereza akiwa mgonjwa. Alipewa medali na Waingereza na Wabeleji, lakini hakupewa tena meli ya kuongoza. Baada ya vita alirudia kazi ya ramani za maji, na kwa miaka mingi alikuwa katibu mkuu wa ofisi ya kimataifa ya kazi hiyo huko Monaco. Alifariki Canada mwezi wa 1 mwaka 1947. Kitabu cha C. S. Forester, The African Queen, na filamu yake ya mwaka 1951, vilitokana kwa sehemu na habari za vita vile vya ziwa.

Njia waliyoikata haikudumu na kazi. Mwaka 1918 reli ya Katanga ilifika Bukama, na hapakuwa tena na sababu ya mtu kuvuta kitu juu ya milima ile. Ilikuwa barabara ya vita, iliyotengenezwa kwa mara moja tu. Wanaume walioweka magogo ya madaraja na wamama waliobeba maji wanatajwa kwenye vitabu kwa hesabu tu, bila majina. Hakuna medali iliyofika kijijini kwao.

Mtu akisimulia safari hii, mara nyingi anasifu ujasiri wa mkubwa mmoja au nguvu ya mashini. Ukweli wa mlima ni mwingine. Trekta mbili za mvuke zilisimama mpaka watu walipozisaidia kwa maji, kwa kamba, kwa magogo na kwa mabega. Ngomo na Lulimba ziko vilevile leo. Gari yenye magurudumu manne ya kuvuta inafika mahali, halafu inategemea kantonye mwenye koleo aliyefungua mfereji kabla ya mvua, na vijana wanaoingia potopoto hadi magotini kusukuma. Siku barabara ya Uvira itakaposifiwa kuwa nzuri, majina ya hao nayo yanastahili kuandikwa mahali.