Jeromu

Jeromu (Stridon, mpakani mwa Dalmatia na Pannonia, 347 hivi – Bethlehemu, 420) alikuwa padri, mmonaki na mtaalamu wa Biblia. Anajulikana hasa kwa Vulgata, tafsiri ya Kilatini ya Biblia ambayo kwa sehemu kubwa ni kazi yake. Anaheshimiwa kama mtakatifu na mwalimu wa Kanisa. Sikukuu yake ni tarehe 30 Septemba.

Maisha

Alisoma Roma, kisha akaishi kama mkaapweke katika jangwa la Siria, ambako alianza kujifunza Kiebrania. Mwaka 382 alirudi Roma akawa katibu wa Papa Damaso I. Kwa kuwa nakala za Injili za Kilatini zilitofautiana sana, Papa alimwagiza azisahihishe kwa kuzilinganisha na Kigiriki. Damaso alifariki mwaka 384, na kuanzia 386 Jeromu aliishi Bethlehemu, katika monasteri iliyojengwa kwa mali ya Paula, mjane tajiri kutoka Roma.

Mabishano kuhusu tafsiri

Agano la Kale la Kilatini lilitokana na Septuaginta, tafsiri ya Kigiriki ambayo Wakristo wengi waliamini imevuviwa na Mungu. Jeromu aliamua kutafsiri upya kutoka Kiebrania.

Agostino, askofu wa Hippo (leo Annaba, Algeria), alihofia kwamba jambo hilo lingetenganisha makanisa ya Kilatini na ya Kigiriki. Alimwandikia kuhusu ghasia zilizotokea Oea (leo Tripoli, Libya): waumini walisikia mmea uliomtilia Yona kivuli ukiitwa kwa jina tofauti na walilozoea, hata askofu wao akakaribia kubaki bila kundi. Mmung'unye wa zamani ulikuwa umegeuka mmea mwingine wa kutambaa. Jeromu alijibu kwamba mmea wenyewe haukuwa na jina la Kilatini. Baadaye Agostino aliisifu elimu yake, ila hakuiacha Septuaginta.

Urithi

Jeromu pia alitofautisha vitabu visivyokuwemo katika Biblia ya Kiebrania. Suala hilo lilizuka tena wakati wa Martin Luther, na ndiyo sababu hadi leo Biblia ya Wakatoliki ina vitabu 73, ya Waprotestanti 66.

Vulgata, iliyopingwa mwanzoni kwa upya wake, ilikuja kuzoeleka. Mwaka 1546 Mtaguso wa Trento uliitangaza kuwa toleo rasmi la Kilatini.

Tangu 2017 Umoja wa Mataifa huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Tafsiri katika sikukuu yake.