Cicely Saunders: Mama wa Hospisi

Wahenga walisema kifo cha wengi harusi. Hapa kwetu Matasia mtu akifariki, watu hujaa, michango hutolewa na chai haikauki. Maziko yakiisha, turubai hukunjwa na wafiwa hubaki peke yao. Ndiyo sababu nimeonelea niwasimulie juu ya Cicely Saunders, daktari aliyekataa mambo yaishie kaburini.

Alizaliwa Uingereza mwaka wa 1918. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alisomea uuguzi, lakini mgongo ukamsumbua, akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii hospitalini. Huko alikutana na David Tasma, mkimbizi Myahudi kutoka Poland, aliyekuwa akifa kwa saratani bila jamaa karibu. Wakawa wanaongea juu ya nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiopona. Tasma alipofariki mwaka wa 1948, alimwachia pauni 500 ili awe dirisha katika nyumba hiyo.

Kulizungushia dirisha hilo nyumba si mchezo. Kulichukua miaka 19! Cicely alirudi kusoma, akahitimu udaktari mwaka wa 1957. Kisha naye akafiwa: kati ya mwaka wa 1960 na 1961 alimpoteza mgonjwa aliyempenda, rafiki na baba mzazi. Uchungu wa mwiba aliujua mwenyewe.

Mwaka wa 1967 alifungua hospisi ya St Christopher's, London. Alifundisha kwamba maumivu si ya mwili tu, na kwamba jamaa za mgonjwa nao wanahitaji kutunzwa. Daktari Colin Murray Parkes alianzisha pale huduma ya wafiwa, ambapo watu wa kujitolea walifunzwa kuwatembelea wale walioelemewa.

Cicely aliaga dunia mwaka wa 2005 katika hospisi hiyo hiyo. Wazo lake lilikuwa limeshafika kwetu, maana Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka wa 1990.

Lakini hospisi haiwezi kufika kila boma. Jirani yetu mmoja alipofiwa na mumewe, kwa miezi mingi alikuwa akija jikoni kwetu jioni, anakaa tu. Mama alimmiminia chai, basi. Nadhani hiyo nayo ni hospisi. Mwenzetu akirudi darasani baada ya kumzika mzazi, tusimkwepe. Tumpe daftari anakili aliyoyakosa, na muhula ukiisha tumjulie hali tena.